Kuzunguka kwa miguu nje ya Mwanza bila kuishia kwenye bodaboda: mwongozo kamili

Ujumbe ninaotumiwa unafanana mno. Watu wanne wametoka mjini Jumamosi, wamepanda daladala ya Kisesa au ya Usagara, wametembea saa mbili vizuri tu, wakafika mtoni wakakwama. Wachache wamegeuza na kurudi njia ileile, jua la saa saba likiwa utosini. Wengi wameita bodaboda, na bodaboda akimwona mtu ana matope hadi magotini hutaja bei anayoitaka yeye.

Kosa ni moja: mzunguko umepangwa kwa kilomita. Huku Usukumani unapangwa kwa udongo, maji na saa. Kilomita huja zenyewe.

Hatua zilizo hapa chini ni za mzunguko wa kilomita 10 hadi 12, unaoanzia kwenye senta ya barabarani, unashuka bondeni na kuvuka mto, unapanda kilima chenye miti, kisha unarudi kupitia ngitili, yaani malisho yaliyofungwa. Sikuchorei njia moja ya kuifuata kama reli. Njia ninayopita mimi mwezi wa nane, mwezi wa kwanza inakuwa jaruba la mpunga. Ukijua namna ya kuutengeneza mzunguko, utautengeneza Kisesa, Misungwi, Magu, hata ng'ambo ya Kamanga.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka

Maji lita 3 kwa kila mtu. Usihesabu maji ya kununua njiani. Ukishaiacha barabara, duka la kwanza linaweza kuwa na sabuni na betri tu.

Viatu vilivyofunika vidole, vyenye soli ya meno. Pamoja navyo, gambuti kwa ajili ya mtoni. Najua ni mzigo kubeba jozi ya pili, lakini sababu utaiona kwenye hatua ya tano.

Fimbo kwa kila mtu, yenye urefu wa kufika kifuani. Si ya kupigia mbwa, ingawa mbwa wakiiona huwa na adabu.

Simu iliyojaa chaji, pawa benki, na ramani uliyoipakua ukiwa bado una mtandao. Programu kama Organic Maps na OsmAnd hufanya kazi bila bando na huonyesha vijia vingi ambavyo ramani za kawaida za simu hazina.

Kofia, shati la mikono mirefu, taulo dogo, bandeji pana ya kuvutika, kitambulisho, na noti ndogondogo.

Chakula kisichoharibika kwa joto. Mimi hubeba matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na karanga za kukaanga. Watu wa mjini hubeba keki na soseji, na ikifika saa tano keki imekuwa uji ndani ya begi.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kabla ya kuchagua mahali

Mvua huanza kuonekana mwezi wa kumi, hupungua kidogo baada ya Desemba, hurudi kwa nguvu Machi hadi Mei. Juni hadi Septemba ni kiangazi. Kama hujawahi kuzunguka hata mara moja, anza kiangazi, bila mjadala. Mto ni mdogo, majaruba yamekauka, na unaona mbali.

Masika usiende. Sisemi hivyo kwa ajili ya mvua yenyewe, maana mvua ikipita nguo hukauka. Nasema kwa ajili ya udongo.

Hatua ya 2: Isome ardhi kutoka kileleni hadi bondeni

Hapa ndipo wengi wanapopotelea, hata kabla hawajatoka nyumbani.

Ardhi ya Usukumani ina mpangilio unaojirudia karibu kila kilima. Juu kuna mawe, yale ya kubebana yanayoupa mji wetu jina la Jiji la Miamba. Chini kidogo ya mawe kuna udongo wa kichanga ambao wenyeji huuita luseni. Hapo ndipo nyumba zilipo, na mihogo, karanga na viazi. Ukishuka zaidi kichanga kinakwisha, unakutana na ardhi ngumu inayogonga kama sakafu. Chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi.

Neno mbuga lisikuchanganye na mbuga ya wanyama. Mkulima wa Misungwi akikwambia "msipite mbugani", simba hayumo kwenye mawazo yake. Anazungumzia udongo ambao ukilowa unashika kiatu, kila hatua unaongeza kilo, na baada ya mita mia mbili umevaa matofali. Ukikauka unapasuka mipasuko inayoweza kumeza kifundo cha mguu. Na penye mbuga leo kuna majaruba, yenye kuta za udongo zisizozidi upana wa nyayo mbili. Kuta hizo zinazuia maji ya mtu na chakula cha mwaka cha familia yake. Ukibomoa moja kwa kupita, umemwaga maji ya mtu.

Kwa hiyo unapotazama picha ya setilaiti nyumbani, usitafute vijia kwanza. Tafuta rangi. Sehemu za kahawia iliyopauka zenye nyumba ndizo luseni: pita hapo kadiri uwezavyo. Sehemu za kijivu au nyeusi zilizogawanyika kama chandarua ni majaruba: yavuke mahali pembamba kuliko pote, kwa pembe ya mraba. Mstari wa kijani unaojipinda katikati ni mto.

Umefanikiwa iwapo unaweza kuweka kidole kwenye ramani na kusema: hapa nitakuwa kwenye kichanga, hapa kwenye mbuga kwa mita mia tatu tu, hapa kwenye mawe.

Hatua ya 3: Panga bonde mwanzo, kilima katikati, ngitili mwisho

Mpangilio huu una sababu tatu, na ukiugeuza utazijua zote kwa siku moja.

Ya kwanza ni gharama ya kurudi. Mto ndio mahali pekee panapoweza kukukatalia kabisa. Ukikataliwa baada ya kilomita 3, kurudi ni saa moja. Ukikataliwa baada ya kilomita 9, ndiyo ile bodaboda.

Ya pili ni jua. Mwanza tuko magharibi ya nchi lakini saa zetu ni zilezile za Dar es Salaam, kwa hiyo jua la utosini halifiki saa sita kamili. Hufika karibu na saa saba kasorobo. Joto kali huja baada ya hapo, saa nane na saa tisa. Mtu aliyeanza saa moja asubuhi ana karibu saa sita kabla hajaonewa.

Ya tatu ni kichocho, nayo nitaieleza mtoni.

Kisha pima mwendo kwa ukweli. Kijiani, na kusalimiana na kupiga picha, hesabu kilomita 3 kwa saa. Ongeza dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Anayekwambia anatembea kilomita 6 kwa saa, mwulize kama amewahi kupita mbele ya kilabu cha pombe saa nne asubuhi akiwa na mgeni.

Andika saa moja ya mwisho, saa ya kugeuza. Mimi huandika: "Saa 3:00 kama hatujavuka, tunarudi." Iandikwe kwenye karatasi, maana mkiwa wanne mtoni atatokea mmoja wa kusema tujaribu kidogo tu.

Hatua ya 4: Toa taarifa kijijini

Hatua hii watu wanairuka kwa sababu wanaona wanatembea tu. Ndiyo neno linaloleta shida.

Mara yangu ya kwanza upande wa Misungwi tulikutana na mzee mmoja chini ya mwembe, anasuka kamba. Tukampa shikamoo, akaitikia vizuri.

"Mnatafuta nini?"

"Tunatembea tu, baba."

"Kutembea kwenda wapi?"

"Tunazunguka, halafu tunarudi hapahapa."

Akaiacha kamba. Akatazama begi langu kwa muda. "Humo ndani kuna mashine?"

Alidhani tumekuja kupima dhahabu. Na alikuwa na haki ya kudhani hivyo: kanda hii, mgeni anayezunguka kilima na simu mkononi, akitazama chini, ama ni mtu wa madini ama ni mtu wa kupima viwanja. Nilifungua begi akaona matobolwa. Akacheka hadi akakohoa, akatuelekeza kivuko kizuri kuliko kile tulichokuwa tumekipanga.

Basi ukifika senta, uliza alipo mwenyekiti wa kitongoji. Jitambulishe, sema mmetoka wapi, mko wangapi, mtapita wapi na mtarudi saa ngapi. Usiseme mnatembea, sema mnafanya mazoezi. Mazoezi kila mtu anayaelewa. Chukua namba yake na umwachie yako. Asubuhi, "mwangaluka" hufungua milango mingi kuliko barua. Mchana ni "mwadila". Kwa mtu mzima ongeza shikamoo.

Uliza maswali matatu tu: Ng'ombe wanavukia wapi? Kuna msitu au kilima cha matambiko ambacho hatupaswi kuingia? Ngitili ni ya nani? Kama njia yenu inagusa msitu wa hifadhi wa serikali, huo uko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), na mwenyekiti hana mamlaka ya kuwaruhusu. Ulizeni ofisi yao kabla ya siku ya safari.

Hatua ya 5: Vuka bonde

Toka senta saa moja asubuhi. Kushuka kwenye luseni ni raha: kijia kigumu, kivuli cha maembe, umande kwenye karanga.

Kabla ya kufika chini utakutana na njia panda nyingi, na hapa kuna jambo dogo lililoniokoa mara nyingi. Njia za ng'ombe na njia za watu zinafanana, lakini haziendi mahali pamoja. Za ng'ombe ni nyingi sambamba, zinaachana na kukutana, na mwisho wake ni lambo au boma. Ya watu ina alama ya tairi la baiskeli. Inama uitazame: mstari mwembamba wenye meno, na pembeni vishimo vya fimbo au nyayo za anayesukuma gunia. Baiskeli iliyobeba mzigo haiendi kusikopitika. Inakwenda mashineni, shuleni au kwenye gulio, na kama kuna mto katikati, inajua pa kuvukia.

Ukifika ukingoni, simama. Vua begi. Tazama maji dakika tano bila kusema mnavuka au hamvuki.

Tupa kijiti katikati ya mkondo, kisha tembea kando yake ukingoni. Kikikuacha ukiwa kwenye mwendo wa kawaida, usivuke. Maji yakiwa ya kahawia na yanabeba majani na vijiti, usivuke hata kama ni ya kifundoni, maana hayo ni maji yanayopanda. Yakizidi goti, usivuke. Kwenye mto wenye kitanda cha mchanga, tanguliza fimbo kila hatua. Baada ya mafuriko mchanga huwa mlaini na humeza mguu hadi pajani.

Mvua ya mbali ndiyo mbaya zaidi. Mwaka mmoja, mwezi wa kumi na moja, tulivuka korongo kavu asubuhi, kavu kabisa, watoto walikuwa wanachimba visima vya mchangani humo. Mchana tukarudi kulivuka, mbingu juu yetu nyeupe, tukakuta maji ya kiunoni yenye rangi ya chai ya maziwa. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu tusikokuona. Tulikaa ng'ambo hadi saa kumi na moja jioni, tunagawana karanga kwa kuhesabu.

Sasa kichocho. Ugonjwa huu uko kando ya ziwa lote na kwenye mito na malambo yanayotuzunguka. Vimelea wanaishi ndani ya konokono wa maji baridi, hutoka wakiwa wadogo wasioonekana na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Wale wa kichocho cha tumbo hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, takriban saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Kuvuka saa mbili asubuhi ukiwa na gambuti si sawa na kuvuka saa sita miguu mitupu. Maji yakikugusa, jikaushe papo hapo kwa taulo ukisugua. Inapunguza hatari, haiiondoi. Baada ya wiki sita hadi nane nenda kapime, dawa ipo.

Karibu na mdomo wa mto, pale penye matete na mafunjo, usivuke kabisa. Hapo kuna viboko na mamba, na kiboko hapendi mtu awe katikati yake na maji. Mzunguko wako ubaki juu, mbali na ziwa.

Umefanikiwa iwapo wote mko ng'ambo, miguu mikavu, saa haijafika tatu.

Hatua ya 6: Panda kilima, pumzika msituni

Mkishavuka mmebakiwa na njia ya mbele tu, kwa hiyo msikimbie. Pandeni polepole kwa kufuata nyumba. Kutoka mji mmoja, yaani nyumba za kaya moja, hadi mwingine daima kuna kijia.

Miji mingi imezungushiwa ua wa minyaa. Usivunje tawi kujipatia njia. Maziwa yake yakiingia jichoni yanachoma vibaya sana na yanaweza kudhuru uwezo wa kuona. Yakiingia, osha kwa maji mengi kwa muda mrefu, kisha nenda zahanati.

Kwenye mawe weka mkono pale tu macho yako yamefika kwanza. Utamwona mjusi wa mawe, dume mwenye kichwa na mabega ya waridi na mwili wa buluu, anapiga pushapu juu ya jiwe kana kwamba analipwa. Wanasayansi wamempa jina la mji wetu: Agama mwanzae. Alipo yeye akiota jua, na nyoka anaweza kuwa anaota. Gonga fimbo, piga kelele kidogo. Mtu akiumwa: asitembee, kiungo kifungwe bandeji na kijiti kisicheze, asichanjwe, asifungwe kamba ya kukata damu, apelekwe hospitali haraka. Hapo ndipo namba ya mwenyekiti inapolipa.

Miti ya kilimani mara nyingi ina mizinga ya nyuki. Ukiona gogo limening'inia, pita mbali na kimya, na siku hiyo usijipulizie manukato.

Pumzikeni hapa, nusu saa nzima. Ni saa tano, kivuli kipo, na upepo wa ziwa mara nyingi hupanda hadi juu. Kabla ya kuinuka fanyeni kazi moja: tafuteni kwa macho jiwe au mti mkubwa ulio karibu na senta mliyotoka. Lipeni jina. Sisi tuna jiwe tunaloliita Mama Kabeba, na hakuna kati yetu aliyewahi kulikosa.

Hatua ya 7: Rudi kupitia ngitili

Ngitili ni malisho yaliyofungwa. Wakati wa mvua mifugo haiingii, nyasi na miti vinaachwa vikue, kisha kiangazi, kwingine kukiwa vumbi, hufunguliwa. Kwa mtembeaji ni zawadi: nyasi, migunga iliyosimama mmojammoja, kivuli cha hapa na pale, ndege.

Lakini ni akiba ya mtu au ya kijiji, na ina sheria zake zenye faini. Pita kwenye kijia. Usikate fimbo. Usiwashe moto, na mvuta sigara avumilie hadi senta. Nyasi za mwezi wa nane zinashika kwa cheche.

Ukishuka bondeni au katikati ya miti utalipoteza lile jiwe. Usitegemee kivuli chako kukuonyesha kaskazini kwa mazoea uliyofundishwa. Hapa tuko karibu na ikweta: mwezi wa sita jua la adhuhuri liko kaskazini yako, mwezi wa kumi na mbili liko kusini, na mwishoni mwa Septemba liko kichwani kabisa, kivuli umekikanyaga. Tumia ramani ya simu, au uliza.

Ukiuliza, usiulize "ni mbali?". Jibu ni "hapo tu", iwe mita mia au kilomita tano, na anayejibu hadanganyi: kwake ni hapo tu. Uliza, "Nikitoka sasa, nitafika kabla ya adhana?" Hilo hujibiwa kwa uhakika.

Hatua ya 8: Funga duara, kisha andika

Mzunguko umefungwa pale unapouona mwembe wa asubuhi kutoka upande wa pili na kwa sekunde chache huutambui. Iwe saa saba au kabla yake.

Mpigie mwenyekiti, au pita kwake, useme mmerudi. Usipofanya hivyo kuna mtu atakuwa anawasubiri, na safari ijayo hatawasubiri.

Kisha, kabla ya kupanda daladala, kaa chini uandike vitu vitatu: mahali mlipovukia na kina cha maji, saa mliyofika kilimani, na jina la mwezi. Mimi nina daftari la mizunguko ya hivyo. Ukurasa wa Kisesa, Julai, una doa la mchuzi wa sato na mstari mmoja: "Kivuko cha baiskeli, kifundoni, mawe matatu bapa. Usifuate ng'ombe."